Hesabu 7 za Kuning'iniza, Kuanzia ya 7

Spika za tamasha hazijui jina la msanii wala bei ya tiketi. Zinachojua ni kwenda chini, na kazi ya riga, fundi wa kuning'iniza mizigo jukwaani, ni kuzikatalia. Leo tufuate kamba moja tu: kamba ya waya ya mabati yenye kipenyo cha milimita 6.35, ile ambayo majukwaa ya Marekani yanaiita robo inchi. Ikiwa mpya, ya aina ya 7x19, hukatika kwenye kilo 3,175 hivi. Shikeni namba hiyo vizuri, maana tutaipunguza mbele ya macho yenu.

7. Jina lake ni hesabu tayari
7x19 maana yake misokoto 7, kila msokoto una nyuzi 19. Jumla nyuzi 133. Ya 7x7 ina nyuzi 49 tu, nene zaidi. Inavumilia msuguano lakini haipendi kukunjwa. Kwa kamba inayopita kwenye kapi, chukua yenye nyuzi nyingi. Ukimtuma kijana dukani mtajie namba zote mbili, la sivyo atarudi na waya wa kuanikia nguo, tena na chenji kamili.

6. Pima penye unene, kisha hesabu zilizokatika
Kipenyo hupimwa kutoka mgongo wa msokoto mmoja hadi mgongo wa ule unaoutazama. Ukipima bondeni utadhani kamba imekonda. Haijakonda, umeishika vibaya.

Halafu vaa glavu ukague. Mwaka 1834 Wilhelm Albert, afisa wa migodi huko Clausthal, Ujerumani, alitengeneza kamba ya waya yenye misokoto 3 ya nyuzi 4, kwa sababu minyororo ya mgodini ilikuwa ikikatika bila kuaga. Kamba ya waya huaga: uzi mmoja, kisha wa pili. Kwa kamba inayopita kwenye kapi, kanuni za Marekani zinasema nyuzi 6 zilizokatika ndani ya mzunguko mmoja kamili wa msokoto, au 3 kwenye msokoto mmoja ndani ya mzunguko huo, zinatosha kuistaafisha. Istaafishe kwa kuikata vipande vipande, kwani kamba mbovu iliyowekwa "kando kidogo" hurudi kazini kabla ya saa nne ya chai.

5. Godoro kwa anayebeba
Hapa ndipo mabishano huanza. Klampu ya waya ina tandiko lenye mifereji na bolti ya umbo la U. Tandiko hukaa upande unaobeba mzigo. U hukaa kwenye ncha iliyorudi. Ukigeuza, U itaubana na kuuponda upande uleule unaoutegemea. "Mbona nimeziweka moja hivi, moja vile, zinapendeza?" Fundi, hatupambi harusi. Zote zielekee upande mmoja.

Kwa kamba yetu ni klampu 2, za chuma kilichofuliwa, ncha ikirudi milimita 120 hivi, nati zikikazwa kwa toki ya Nm 20. Mzigo ukishaingia, kamba hunyooka na kukonda kidogo, kwa hiyo rudi ukaze tena. Hata ukifanya yote kwa usahihi, kitanzi cha klampu hubaki na asilimia 80 ya nguvu ya kamba. Kilo 3,175 zimekuwa 2,540.

4. Gawanya kwa 5
2,540 kwa 5 ni 508. Hicho ndicho unachoruhusiwa kuning'iniza kwa kamba iliyotulia. Ikiwa kamba inabeba mtu, wengi hugawanya kwa 10. Mtayarishaji akiuliza hizo kilo nyingine zimeenda wapi, mwambie zimelala juu ya vichwa vya mashabiki wake, zikiwalinda.

3. Usiudondoshe, hata kidogo
Mzigo wa kilo 250 uachie ghafla kwenye kamba ambayo haijalegea hata nywele moja: kwa sekunde ile kamba inabeba 500. Haujaanguka, umeachiwa tu! Sasa chukua kamba ya mita 3 hivi, inayonyooka milimita 5 chini ya mzigo huo, uudondoshe milimita 100, sehemu ya kufungia ikiwa ngumu. Nguvu hufika zaidi ya mara 7 ya uzito, yaani karibu kilo 1,850. Jarari, yaani kamba ya katani ya kutwekea tanga la jahazi, ingenyumbuka na kumeza sehemu ya pigo. Chuma hakimezi.

2. Pembe haina undugu
Miguu miwili ya kamba, mzigo katikati, kilo 500. Kila mguu ukiwa digrii 60 kutoka usawa wa sakafu, unabeba 289. Kwenye 45 ni 354. Kwenye 30 kila mguu unabeba 500, kana kwamba mwenzake hayupo. Kwenye 15 ni 966, na kamba yetu ya 508 imeshapitwa mbali.

"Mimi sikusoma hesabu za pembe." Huna haja. Miguu ikilingana, chukua nusu ya mzigo, zidisha kwa urefu wa mguu, gawanya kwa kimo cha pembetatu. Tepu na simu vinatosha. Usiisahau na boriti ya juu inayoshika miguu hiyo: kwenye digrii 30 kila mguu unaivuta kwa ndani kwa nguvu ya kilo 433, na huenda mhandisi aliyeichora aliwaza mzigo wa kwenda chini tu.

1. Tatu hazigawani sawa
Hii imewashinda wakongwe. Kenchi la alumini lenye kilo 1,000 zilizotawanywa sawasawa, chenibloki 3 za nusu tani: mbili mwishoni, moja katikati. "Uwezo ni 1,500, mzigo 1,000, twende tukale." Kaeni! Kenchi lililounganika moja kwa moja, gumu na lililonyooka, huipa katikati 5/8 ya mzigo. Hiyo ni kilo 625. Za mwisho hupata 187.5 kila moja. Ya katikati imeshapita uwezo wake nanyi mko kwenye foleni ya chapati. Akitokea mtu akaipandisha kidogo zaidi ya wenzake, itabeba zaidi ya hapo.

Weka ya tani 1 katikati, ukishahakikisha boriti ya juu inaihimili, au sogeza zile za pembeni ziingie ndani ili ncha za kenchi zining'inie nje. Kisha tundika kipima mzigo kwenye kila chenibloki, na usome zote tatu kabla kenchi halijapita urefu wa mtu.