Mhadhara kwa Watu wa Paje Juu ya Bahari Yao

Mheshimiwa Sheha, wavuvi, kina mama wa mwani, na ninyi papasi mliojibanza chini ya mnazi: nyamazeni, elimu inapita. Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Fukwe, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mwenye hadhi ya kunitunuku.

Nasikitika kuwakuta mmeishi kando ya bahari vizazi na vizazi bila kuisomea. Jana niliagiza chai, nikainua kichwa, bahari haipo! Mchanga mtupu mpaka kule mwambani. Nikafanya utafiti wa kina (nilimwuliza mhudumu) nikagundua kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila kukicha huchelewa kiasi cha dakika 50. Ati mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanatoka mbali na kurudi mengi. Siri nzito namna hii, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniandikia barua! Napendekeza bahari ipangiwe ratiba kama boti ya Dar: ifike saa tatu asubuhi, iondoke saa kumi na moja jioni, Ijumaa ipumzike.

Bibi wa pale mbele, shusha mkono. Najua habari ya mwani. Nimeelezwa kwamba mlianza kuulima hapa mwaka 1989, mnafunga mbegu kwenye kamba, mnapigilia vigingi, mnaingia maji yakipwa na kutoka yakijaa. Yaani miaka yote hiyo mmeifuata bahari bila hata cheti kimoja? Hiyo si kazi, ni bahati. Mnalalamika kwamba maji yakizidi joto mwani unakufa. Dawa yake nyepesi: pandeni miembe humo baharini, ipate kuleta kivuli.

Sasa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika katikati ya mwaka. Vijana wa kaiti husafiri kutoka Ulaya kuja kuburutwa nao juu ya maji, tena wanalipa. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi karne nyingi bila kutozwa senti. Hasara hiyo itafutiwe risiti.

Pomboo wa Kizimkazi sitawazungumzia. Niliwapungia mkono, wakapiga mbizi.

Lakini Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, nilipata mwanafunzi anayenifaa: kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Hula majani ya mwembe na mkungu, kisha huiba mkaa akautafuna, na wanasayansi wanasema mkaa huo hupunguza sumu ya majani. Usiku uleule, baada ya kuzidisha pweza wa nazi, nilijaribu mkaa wa jikoni. Matokeo bado yanachambuliwa, na mhudumu ameombwa asiyatangaze.

Mbona mnainuka mmoja mmoja? Sijafika sura ya pili. Bibi, kaa, viatu vyangu viko salama hapo nilipoviweka. Na wewe mzee, ngalawa yako ilikuwa imelala mchangani nilipoanza kusema, sasa inaelea. Eleza sababu, kwa alama kumi. Eleza upesi kidogo.