Ugomvi wa Mkobani

Benchi la kliniki ya sukari, saa mbili asubuhi. Ndani ya mkoba wa Bi Mkubwa wamebanana DAFTARI, SIMU JANJA na KIPIMA SUKARI. Kalamu ndiyo kwanza imerudi mkobani, bado ina joto la vidole.

SIMU: Shikamoo, Mzee Daftari.

DAFTARI: Marahaba, mwanangu. Hebu nitazame nilivyonona! Miezi mitatu, asubuhi na jioni, hakuna mstari mtupu.

SIMU: Nimeona. Wino mmoja, mkono mmoja, na kazi yote imefanyika hapa hapa kwenye foleni.

DAFTARI: Bi Mkubwa ana kumbukumbu nzuri.

SIMU: Ya sukari ya mwezi juzi? Mzee, ukoo wenu uliumbuka zamani. Mwaka 2002 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Arthur Stone na wenzake kutoka Marekani. Wagonjwa 80 wa maumivu sugu: wengine walipewa shajara za karatasi, wengine za kielektroniki. Kwenye zile za karatasi kilifichwa kihisi cha mwanga, kinachojua zimefunguliwa lini. Kwa maandishi yao, wagonjwa walijaza kwa wakati kwa asilimia 90. Kihisi kikasema 11! Sisi wa umeme tukapata 94.

DAFTARI: Hivyo vifaa walinunua wenyewe?

SIMU: Walipewa na watafiti.

DAFTARI: Na wewe hapa, asilimia yako ngapi?

SIMU: Mzee, tusifike huko.

DAFTARI: Tufike.

SIMU: Wiki ya kwanza nilijazwa vizuri. Ila programu yenyewe ni ya Kiingereza, na kabla ya kuandika namba unavuka kurasa saba. Siku moja nikalia mbele ya wageni, “Muda wa kupima sukari!” Mtaa mzima ukajua. Akanizima kengele. Kisha bando likaisha, na mjukuu akaifuta programu apate nafasi ya mchezo wa mpira.

DAFTARI: Mimi sili bando, na nikianguka sipasuki.

KIPIMA: Samahanini, wakubwa zangu. Mnagombea uandishi, na mpimaji ni mimi. Kumbukumbu yangu ina vipimo vinane tu.

DAFTARI: Vinane? Mbona mimi nina mia na themanini?

KIPIMA: Stripu ziliisha. Ukinunua stripu, mboga huioni. Halafu vya kwako vyote viko kati ya 6 na 7. Mimi ninayo 14, ya siku ya arusi kwa jirani.

SIMU: Sasa kwa nini hakuiandika, dada?

KIPIMA: Muulize Mzee ukurasa wake wa kwanza uko wapi.

DAFTARI: (kwa sauti ndogo) Ulichanwa. Kliniki iliyopita alikuja na 13, daktari akamfokea mbele za watu. Tangu hapo anaandika zile zinazompendeza daktari.

SIMU: Basi nikipata Kiswahili, kurasa mbili na bando la bure...

KIPIMA: Utadanganywa haraka zaidi. Mwaka jana alikuwapo nesi mmoja hapa. Alisoma kila mstari, akauliza, “Hii 12, mama, siku hiyo ulikula nini?” Namba zikizidi, alimpeleka mwenyewe kwa daktari dozi itazamwe. Stripu alimtafutia. Enzi hizo Bi Mkubwa aliandika hata kwenye boksi la sabuni.

DAFTARI: Nesi yuko wapi?

KIPIMA: Kahamishwa.

(Jina linaitwa. Mkono unamchomoa DAFTARI. Kurasa zinapeperushwa, vema moja kubwa inachorwa. Sauti ya daktari: “Safi sana, mama. Endelea hivyo hivyo. Anayefuata!” DAFTARI anarudishwa mkobani.)

SIMU: Amesemaje?

DAFTARI: Niendelee hivyo hivyo.

KIPIMA: Basi mwambie Kalamu asiende mbali.