Namna ya Kuteleza Morogoro: Mwongozo kwa Mtunzi Asiyejihadhari

Umesikia kwamba huko Ulaya na Marekani, kwenye miji ya milimani yenye theluji, kuna bendi za roki zinazochekesha watu kwa nyimbo za kuteleza: bwana aliyebiringika mbele ya mchumba wake, tajiri wa wikendi aliyenunua vifaa vyote asijue hata kusimama, mhudumu wa baa anayelala chumba kimoja na wenzake watano. Umetazama ramani ukaona Morogoro ina mlima, ina baa, na Ijumaa jioni inapokea watu wa Dar es Salaam. Umebeba gitaa, unakuja kutunga. Karibu sana. Soma kwanza maelekezo haya, maana pole tunazo nyingi lakini hazitibu kiuno.

1. Usitafute theluji

Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya milima yetu ya Uluguru, kina zaidi ya mita 2,600, na juu yake kuna ukungu, kuvu na miti. Theluji ya nchi hii iko Kilimanjaro, na huko umeshachelewa: Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipeleka skii kwenye kilele chake cha Kibo mwaka 1912. Hapa kinachoteleza ni udongo. Msimu wetu ni masika, Machi mpaka Mei, na uwanja wetu ni njia ya kupanda Morningside, huko mlimani.

Kuhusu vifaa: vaa buti za bei mbaya na ushike fimbo mbili za alumini, ili watu wakutambue kutoka mbali. Utakapokuwa umekaa kwenye tope bila kupenda, atakupita mama aliyevaa malapa, ana tenga la ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Atakuambia, "Pole, baba," wala hatapunguza mwendo. Andika neno hilo haraka. Ndiyo ubeti wako wa kwanza, na huenda ukawa bora kuliko yote utakayotunga mwenyewe.

2. Usiulize umbali

Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kile kinachouinamia, kina mita 2,138. Ukimuuliza mwenyeji kama ni mbali, atakuambia ni hapo tu, ukishavuka kijito. Hasemi uongo. Kwake ni hapo tu. Chukua kibali na mtu wa kukuongoza, kwa kuwa msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Ukikata mti uchonge skii, mzaha wako utaishia kwa maofisa wasiopenda roki.

3. Usitafute jiografia kwenye majina ya bendi

Wenyeji huuita mji wao "mji kasoro bahari". Kasoro hiyo haikumzuia Salum Abdallah, mtoto wa hapahapa, kuanzisha bendi mwaka 1948 akaiita La Paloma, kisha ikawa Cuban Marimba. Santuri za Kuba zilikuwa zimeshafika, na hizo zilimtosha. Kuba yenyewe haionekani hata ukisimama juu ya Lupanga. Mwaka 1973 mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe aliondoka bendi ya Morogoro Jazz akaunda yake, Super Volcano. Wataalamu wa miamba watakuapia kwamba Uluguru si volkano, na mawe yake ni ya kale mno. Ni kweli. Volkano pekee tunayoijua Morogoro ilikuwa na gitaa.

Na kabla hujatuletea habari za nchi za baridi, kumbuka kwamba mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye Maonyesho ya Dunia. Japani ni nchi ya theluji na milima ya kutelezea. Walirudi na wimbo wa Expo 70, na baadaye mtindo wa Super Volcano ukaitwa Masika. Tope limeshinda hapo, wala hapakuwa na rufaa.

4. Usiseme jambo waziwazi

Hapa ndipo watunzi wengi wageni huanguka vibaya kuliko mlimani. Mwimbaji wa roki hupanda jukwaani akatangaza: nilianguka, nikavunjika, nikaachwa. Sisi hatumtaji aliyeanguka. Tunaimba fumbo: mtu fulani, safari fulani, jambo lisilofaa. Enzi za Radio Tanzania mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na watunzi wakajifunza kupitisha mambo mazito chini ya salamu. Hata bila redio, mji huu ni wa ukoo. Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti yake. Ukimtaja mtu kwa jina, kesho yake utaitwa mbele ya wajomba ambao hukujua kwamba wapo.

Kwa hiyo mwite shemeji. Shemeji anabeba kila kitu. Morogoro Jazz walikuwa na wimbo uitwao "Mashemeji Wangapi", na jina hilo peke yake lina kesi nzima ndani yake. Anza polepole: salamu, malalamiko, nasaha. Halafu mpishe mpiga solo, chemko, ile sehemu ya kasi, lianze, na yule uliyemsema dakika tatu nzima ainuke kucheza kuliko wote.

5. Imba mambo ya mji. Mlima wenyewe haujali

Ukipungukiwa na mada, tafuta chumba. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe wamekutangulia. Dalali atakuonyesha chumba chenye "mandhari ya mlima", yaani dirisha moja, na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mkononi. Au nenda ukawapokee wanaoshuka kwenye treni ya umeme, inayopakia abiria kutoka Dar tangu 2024. Safari zamani ilikuwa kisingizio kizuri cha kuchelewa kurudi nyumbani. Sasa treni inafika kwa wakati, na waume wengi wanahitaji hadithi mpya. Huo ni wimbo kamili. Umeletewa mpaka stesheni.

6. Tahadhari isiyo na mzaha

Mlima haukuwachukua wanamuziki wetu wakubwa. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe naye, Januari 1979, huko Mombasa. Ukimaliza kupiga usiku, lala hapohapo. Gitaa litangoja asubuhi.

7. Namna ya kujua kwamba wimbo umefaulu

Usisikilize kicheko. Kicheko cha ukumbini ni adabu tu, watu wamekunywa. Tazama shingo. Ubeti ukifika penyewe, shingo zote hugeukia meza moja, na mwenye meza hiyo hujifanya anatafuta funguo. Halafu mtu atainuka kwenda kukutunza noti. Mtu huyo ama ndiye anayesemwa, anataka uhamie ubeti mwingine, ama ni hasimu wake, anataka urudie uleule. Pokea noti kwa vyovyote, ila urudie.

Siku moja utaingia ukumbini kama msikilizaji, na bendi ya wenyeji itapiga wimbo mpya kuhusu bwana mmoja mwenye fimbo mbili aliyesalimia udongo mara nyingi kuliko wazee. Shingo zitageuka. Usiinuke, wala usitafute funguo. Na usimuulize mtunzi kama ni wewe; atakujibu kwa heshima zote kwamba ni hadithi ya zamani, ya mtu wa Kilosa. Ukifunga safari mpaka Kilosa kuhakikisha, watakupigia wimbo huohuo, na watakuambia mhusika alikuwa wa Morogoro.