Mwongozo kwa Wakili Anayeyapenda Masikio Yake

Ndugu wakili, ukijikuta London enzi za Mfalme Charles I, usiige mwendo wa mwanasheria mwenzako William Prynne wa Lincoln's Inn. Zingatia haya.

Kwanza, ogopa faharasa. Kitabu chake cha kulaani tamthilia, Histriomastix, kilizidi kurasa 1,000, nani angezimaliza? Lakini faharasani aliwaita wanawake waigizaji makahaba, na Malkia Henrietta Maria alikuwa mpenzi wa kuigiza. Mwaka 1634 mahakama ya Star Chamber ilimpa faini ya pauni 5,000, kifungo cha maisha, kufutwa uwakili, na kukatwa masikio.

Pili, usitukane nywele. Mwaka 1628 alikuwa amechapisha kijitabu cha kuwashutumu wanaume wanaofuga nywele ndefu. Miaka sita baadaye zingemsitiri.

Tatu, usidhani kilichokatwa hakikatwi tena. Gerezani aliendelea kuandika, sasa akiwashambulia maaskofu. Mwaka 1637 vipande vya masikio vilivyosalia navyo vikakatwa, na mashavuni akachomwa herufi S.L. kwa chuma cha moto, kumtangaza mkashifu na mchochezi. Yeye akadai ni alama za Laud, Askofu Mkuu aliyemwandama.

Nne, ukishinda, nyamaza. Bunge lilimfungua 1640, naye akashughulikia mashtaka ya Laud mpaka askofu huyo akakatwa kichwa 1645. Mwenye busara angeishia hapo. Prynne akaingia bungeni 1648 na kupinga njama za kumwangusha mfalme, yuleyule aliyemkata masikio! Wanajeshi wakamzoa. Serikali ya jamhuri iliyofuata ikamweka ndani karibu miaka mitatu, bila kesi.

Tano, usiwe mgumu hata waliokutesa wakakuhitaji. Charles II, mwana wa mfalme yule, aliporudi 1660, alimkabidhi Prynne kazi ya kutunza nyaraka za Tower, ngome ya London ambamo Prynne mwenyewe aliwahi kufungwa. Prynne alifariki 1669, akiacha vitabu na vijitabu vipatavyo 200.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Prynne lilikufa mara mbili, na bado mwenyewe hakusikia. Wewe ukitaka kuzikwa na yako yote mawili, andika machache, wasifu walioko madarakani, wakibadilika nawe badilika. Ila usishangae baada ya miaka 400 asipatikane mtu wa kukuandikia hata mwongozo.