Akiba ya Shemeji

Ukisikia mwanamume anatangaza kwamba amegundua njia ya kubana matumizi, ficha kadi ya benki kwanza, maelezo utayasikiliza baadaye. Shemeji yangu, ninayeishi kwake na dada yangu huko Texas, alitangaza hivyo ugali ukiwa haujapoa. Risasi za bunduki yake ya kulengea shabaha, .308 Winchester, zilikuwa zimepanda bei, naye alikuwa amesoma kwamba Marekani wapenzi wengi wa mchezo huo hujitengenezea zao nyumbani.

Hoja yake ilikuwa nzuri, na hatari ilianzia hapo. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Ukifyatua, vitatu ndiyo basi tena. Hubaki ganda, ambalo kwa kawaida ndilo la bei kubwa kuliko vyote.

"Na sisi tunaliacha uwanjani," alisema kwa uchungu, "wenzetu wanaokota!"

Dada, mweka hazina wa nyumba, akaruhusu. Ikaja presi ya mkono, zikaja kalibu, ikaja mizani, kikaja kitabu cha vipimo, ikaja na mashine ya kung'arishia maganda. Risasi hata moja bado.

Mashine hiyo ndiyo iliyoleta kesi ya kwanza. Ni ndoo inayotetemeka: unatia maganda machafu pamoja na kitu kikavu cha kuyasugua, unaiacha ifanye kazi saa kadhaa. Kitu chenyewe ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa, huuzwa kwa mfuko. Mama yetu, aliyekuwa amekuja kutoka Njombe kumwona mjukuu, akausogelea mfuko.

"Mkwe, haya si magunzi?"

"Ndiyo, mama."

"Umeyanunua?"

"Ndiyo, mama. Yamesagwa."

Mama akatafakari. "Na mahindi yenyewe wamempa nani?"

Shemeji akainamisha kichwa kwa adabu. Mashine ikanguruma mpaka usiku wa manane, mtoto akiiitikia.

Kesi ya pili ilikuwa ya mafuta. Ganda lililokwisha kufyatuliwa huwa limetanuka, kwa hiyo husukumwa ndani ya kalibu lirudie umbo lake, na kabla ya hapo hupakwa mafuta kidogo. Shemeji alipaka kwa ubahili, maana lengo si lilikuwa akiba? Ganda likaingia, likagoma kutoka. Akavuta mkono wa presi kwa nguvu zote, ukingo wa kitako ukang'oka, ganda likabaki limekaza humo humo. Dukani alikuta wanauza vifaa maalumu vya kutolea maganda yaliyonasa. Ukiona watu wamekuandalia dawa kabla hujaugua, ujue ugonjwa huo ni wa ukoo mzima.

Akaapa hatabania tena. Alikuwa amesoma kwamba mafuta yanayofaa ni lanolini, itokanayo na sufu ya kondoo. Bahati mbaya, mama anayenyonyesha naye huipaka kwenye chuchu zilizochubuka. Dada aliitafuta tyubu yake kitandani, bafuni, na kwenye mkoba wa mtoto. Akaikuta gereji, imekamuliwa mpaka shingoni, kando ya safu ya maganda yaliyolainika kuliko yeye.

"Baba watoto," akauliza, "hizi risasi zako zinanyonyesha?"

Kwenye baruti, lakini, shemeji hana mzaha. Hupimwa kwa greini, na pauni moja ina greini 7,000. Ukizidisha, bunduki inaweza kupasuka mikononi mwako: kikomo cha mgandamizo wa .308 ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari lake linaridhika na 30 na kitu. Kwa hiyo mezani hukaa aina moja tu ya baruti, simu huzimwa, na kila ganda humulikwa kwa tochi kabla halijawekwa kichwa.

Tatizo ni kwamba mizani ile inasikia hata upepo wa kiyoyozi. Gereji za Texas mwezi wa Agosti hazikaliki, basi akahamishia shughuli chumbani na kuzima kiyoyozi cha nyumba nzima. Sisi wa sebuleni tukaroa jasho. Mama akachukua kanga, akaanza kujipepea. Sauti ikatoka chumbani, ya unyenyekevu kabisa: "Mama, samahani, naomba upepee polepole."

Hatimaye Dada alifungua daftari. Kwamba kila risasi ilikuwa nafuu kuliko ya dukani, hakupinga. Ila ili nafuu hiyo irudishe bei ya vifaa, ilibidi zifyatuliwe risasi nyingi mno.

"Ndiyo maana naenda uwanjani kila Jumamosi," akasema shemeji, kwa uso wa mtu anayejitolea kwa ajili ya familia.

"Basi nyingine uza."

Akaeleza kwamba kujitengenezea mwenyewe ni ruksa, ila za kuuza zinataka leseni ya serikali kuu. Dada akachukua kalamu, akakata gharama zote kwenye safu ya Akiba, akaziandika upya kwenye safu ya Burudani, chini ya malipo ya kutazama mpira.

Mimi nadhani hiyo ndiyo hukumu ya haki. Akiba ina deni la kuleta faida. Burudani haidaiwi kitu. Na mume anayemaliza Ijumaa yake chumbani akipima greini, ana hasara ndogo kuliko anayeimalizia baa.

Shemeji alinuna, maana alikuwa ameshushwa cheo kutoka mchumi hadi mcheza. Lakini akaendelea kuitazama ile safu, mpaka akagundua kwamba haina mahali pa kuandika faida. Akakohoa kidogo.

"Mama watoto, unajua maganda yakifyatuliwa mara nyingi huwa yanarefuka? Sasa, kuna kimashine cha kuyakatia..."