Muulize Shangazi Mtalii

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunakwenda Istanbul kwa siku nne. Mimi nataka kuona majengo ya kale, mwenzangu anataka kununua mapazia. Viza hazijatoka na tayari tunanuniana. Nifanyeje?*
*Mke wa Mapazia, Tanga*

Marahaba mwanangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi, maana ungepeleka barua hii kwa yule mwenzangu wa ukurasa wa ndoa, angekwambia mkae chini mzungumze. Mzungumze nini? Wapo waliokaa wakazungumza mpaka ndege ikawaacha. Mimi huwa sikai. Mimi nikishuka Istanbul, wauza chai wananiinukia, na paka wa mji ule, ambao hawamwinukii hata meya, hunipisha njia.

Tena kwa kuwa umegusa habari za paka. Ndani ya Ayasofya aliishi paka mmoja aitwaye Gli, macho ya kijani, maringo kama karani wa ardhi. Alipokufa mwaka 2020 vyombo vya habari vya nchi mbalimbali vilitangaza tanzia yake. Mimi nikifa mhariri wangu atanipa mistari miwili chini ya tangazo la matairi, na jina langu litakosewa.

Basi, Ayasofya, ambayo wageni wengi huijua kama Hagia Sophia. Mfalme Justinian aliianza kama kanisa mwaka 532 na 537 ikafunguliwa. Miaka mitano! Nyumba ya shemeji yangu kule Kigamboni ina umri mkubwa kuliko huo na bado iko kwenye lenta. Waliochora ramani yake, Anthemius na Isidore, walikuwa mabingwa wa hesabu. Kuba lake lina upana wa mita zipatazo 31, na kilele chake kiko juu ya sakafu kwa mita 55 hivi. Chini ya kuba wakapanga madirisha 40 mduara mzima, mwanga ukaingia kwa wingi, na ukiwa chini unaona kama kuba limening'inia hewani halijashikwa na kitu. Kweli lilishikwa kidogo: mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi, lilianguka. Wakalijenga upya, safari hii wakalipandisha juu zaidi ili mzigo ushuke wima badala ya kusukuma kuta. Mwambie hilo fundi wako anayesema nyufa ni za kawaida.

Mwaka 1453 ikawa msikiti, katika karne ya ishirini ikafanywa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Siku hizi watalii hupandishwa ghorofani kwa tiketi, na sakafu ya chini ni ya wanaoswali. Usinung'unike kuhusu ngazi. Huko juu, kwenye marumaru ya ukingo, kuna maandishi ya watu wa kaskazini mwa Ulaya ambayo yamefifia yote isipokuwa jina moja, Halfdan. Inaaminika alikuwa miongoni mwa walinzi wa mfalme, ibada ikawa ndefu, akatoa kisu. Kwa hiyo vijana wanaochora majina yao kwenye viti vya daladala wasijione wamebuni kitu.

Mume. Nilikuwa sijamsahau, nilikuwa namwacha apoe.

Mpeleke Eminönü, karibu na soko la viungo, mahali ambapo mtu anaweza kukwama kati ya toroli la ndimu na furushi la soksi mpaka jioni. Katikati ya vurugu hizo upo msikiti wa Rüstem Paşa, na watu wengi wanaupita bila kuuona, kwa sababu uko juu, na chini yake ni maduka. Msanifu Mimar Sinan aliujenga hivyo kwa makusudi miaka ya 1560: kodi ya maduka iuhudumie msikiti. Ni wakfu, mwanangu, jambo ambalo mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa. Unapanda ngazi nyembamba yenye giza unayoweza kudhani ni ya stoo, unatokea barazani, na mbele yako kuta nzima zimevikwa vigae vya İznik: buluu, zumaridi, na nyekundu nzito kama nyanya iliyoiva, ambayo rangi yake imeinuka kidogo juu ya kigae kiasi kwamba ukitazama kwa ubavu inaonekana imevimba. Maua ya tulipu yamechorwa kila namna. Mtandio unao tayari, huna haja ya kuazima mlangoni.

Sasa tiba. Chukua kamba ya manila, ifunge kiunoni mwa mume, mwache chini madukani, wewe panda na ncha ya pili. Akivuta mara moja, amepata mapazia. Akivuta mara mbili, bei imemshinda. Akivuta mara tatu anataka pesa kutoka kwenye pochi yako, na hapo ndipo unapozama katika kutazama vigae kwa umakini wa hali ya juu. Njia hii nimeipendekeza kwa mabalozi.

Ukimaliza, panda kilima hadi Süleymaniye, kazi nyingine ya Sinan, aliyekuwa mhandisi wa jeshi kabla hajawa msanifu mkuu wa masultani. Alijenga toka 1550 hadi 1557. Husimuliwa kwamba aliupanga upepo wa ndani ili masizi ya taa za mafuta yakusanyike kwenye chumba kilicho juu ya mlango, yakatengenezewa wino. Kati ya taa yalitundikwa mayai ya mbuni, husemwa ni ya kufukuza buibui. Jikoni kwangu nimetundika la bata, na buibui wote wamehamia kwa jirani, ambaye salamu zake zimepungua.

Nafasi inaniishia. Soko Kuu hufungwa Jumapili, kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, na Ijumaa mchana misikiti si mahali pa kupiga picha. Mkichoshana, pandeni feri ya Kadıköy: kwa nauli ya kawaida mnatoka Ulaya mnaingia Asia kwa muda wa kunywa chai glasi mbili, na misikiti yote mliyogombania inajipanga nyuma yenu bure. Kununiana kutaisha kwenyewe. Kusipoisha, yule wa ukurasa wa ndoa yupo.

*Shangazi, nilipanga foleni Louvre nikamwone Mona Lisa. Kumbe kadogo! Nimeona simu za watu na visogo. Nidai pesa yangu?*
*Nimetapeliwa, Nakuru*

Pole, mwanangu. Sentimita 77 kwa 53, ubao wa mpopla. Nina kalenda kubwa kuliko hiyo kutoka duka la mbolea. Umaarufu wake ulipanda sana mwaka 1911, pale Vincenzo Peruggia, Mwitaliano aliyewahi kufanya kazi mlemle ndani, alipoondoka nayo. Ilipatikana mwaka 1913. Katikati hapo watu walipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu. Laiti ningekuwepo, ningewauzia karanga.

Kosa lako ni kutazama mbele. Mimi nikiingia chumba kile nampa Mona Lisa mgongo, yeye mwenyewe ameshanizoea, nakodolea macho ukuta wa mkabala. Pale ipo Harusi ya Kana ya Paolo Veronese: upana unakaribia mita kumi, kimo mita saba kasoro kidogo. Aliichora 1562 na 1563 kwa ukumbi wa chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Mwaka 1797 jeshi la Napoleon likaibandua, likaikata vipande, likaisafirisha Paris.

Ni harusi iliyoishiwa kinywaji. Yeyote aliyekaa kwenye kamati atasimama mbele ya picha ile magoti yakilegea. Nami nimekuwa mwenyekiti wa kamati nyingi, na soda haijawahi kuisha chini ya uongozi wangu, kwa sababu ufunguo wa stoo nalala nao. Hebu tazama: maharusi wenyewe wamesukumwa kona ya mwisho kushoto, kama wapangaji. Katikati yupo Yesu, ametulia, na juu ya kichwa chake mtu anakata nyama kwa shoka bila habari. Bendi inapiga. Kulia kabisa, chini, paka amelala chali anakwaruza uso uliochongwa kwenye mtungi, na wanadamu zaidi ya mia waliomzunguka hakuna anayemfukuza.

Rudi Louvre, ila si Jumanne maana hufungwa. Vaa sare ya harusi, kamata daftari la michango, simama mbele ya picha hiyo uanze kuita majina. Chumba kitatoka watu, utabaki na Mona Lisa peke yako, umtazame mpaka akuombe upumzike.

Pesa hairudi.

*Shangazi, nimepotea Venice, nijibu upesi, chaji inaisha.*
*Mpotevu, Bujumbura*

Safu hii hutoka mara moja kwa mwezi, lakini natumaini bado uko hapo. Inua macho: kwenye kona za kuta kuna maandishi na vibao vya njano vya Rialto na San Marco. Vifuate hata vikikupitisha kichochoro cha upana wa mabega. Ukitokea San Marco panda boti namba 2 uvuke hadi San Giorgio. Mwaka 2007, kwenye ukumbi ule wa watawa, waliweka nakala ya harusi ya Veronese, kipimo kilekile, ukuta uleule. Tena barua yako imenifikia haina stempu, nimeilipia mimi. Ukifika Bujumbura nitumie na riba.