Baraza la Kinamasini

Oktoba 2022 wanyama wa Amboseli waliitana kinamasini. Misimu minne ya mvua ilikuwa imekatika mfululizo, na wa tano ulikuwa umeanza kwa vumbi. Hoja ilikuwa moja: hili ni janga, au ni kiangazi kama viangazi vingine? Kiti alikikalia Fisi, maana ndiye pekee aliyekuja akiwa ameshiba.

Kiboko alisema akiwa majini, kichwa tu nje. "Ndugu zangu, tusitiane hofu. Kiangazi ni cha tangu na tangu. Maji haya yanapita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, na bado yapo."

"Maji yapo, mjomba. Majani ndiyo hakuna," Nyumbu akajibu. "Sisi, pundamilia na ng'ombe wa Wamasai, sote tumekimbilia ukingo huu mmoja."

Fisi akagonga fupa kutaka utulivu. "Tusikurupuke. Tuunde kamati, ichunguze misimu mingine mitano, kisha ituletee taarifa." Tai wakashangilia kwa mabawa.

Bibi Ndovu aliacha kelele ziishe. "Mwenyekiti, Kiboko hakusema uongo. Viangazi nimevijua tangu utotoni. Lakini zamani kikija kiliua, kikaondoka, nasi tukapata miaka ya kunenepa na kuzaa kabla ya kingine kubisha hodi. Mimba yetu ni miezi 22. Binti yangu alishika mimba mvua ya mwisho ikinyesha. Amezaa, maziwa yamemkauka, na mvua haijarudi. Ndovu ataweza vipi kukimbizana na hali inayobadilika upesi hivi?"

"Swali hilo liende kwa kamati," Fisi akasema, na kura zikapigwa. Nyumbu kadhaa hawakupiga. Walikuwa wamelala, hawaamki, na Mwenyekiti alikwisha kuwahesabu.

Hesabu ya kweli ilitolewa na serikali ya Kenya Novemba 2022: kati ya Februari na Oktoba ukame uliua ndovu 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381. Mwaka uliofuata wanasayansi wa World Weather Attribution walieleza kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na binadamu yaliongeza uwezekano wa ukame ule angalau mara 100. Kwangu mimi hilo ni janga, na kila anayetaka tungoje aulizwe kungoja huko kunamfaidi nani.